Mbona Dola 40 Zimegeuka 7? Historia Fupi ya Ripoti ya Mauzo ya Fonti

Haya basi wasomaji, leo tuongee pesa. Mtu anayeuza fonti mtandaoni, yaani ile miundo ya herufi tunayoiweka kwenye kompyuta, hupata ripoti ya mauzo. Ina jina la fonti, aina ya leseni, bei, punguzo, fungu la duka, kodi, na mwishoni kabisa ile pesa inayomfikia. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kuchora herufi sijui. Lakini rafiki yangu mchoraji aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya kujumlisha ripoti zake, na swali lake lilikuwa moja: dola 40 zinageukaje kuwa 7? Kutoa na kugawa ni rahisi. Kigumu ni kuelewa kila kato liliingiaje, na hiyo ni historia.

Zamani biashara ilikuwa mashine. Times New Roman ilipoanza kutumika katika gazeti la The Times la London mwaka 1932, Stanley Morison ndiye aliyeisimamia, na mchoraji alikuwa Victor Lardent, msanii wa idara ya matangazo ya gazeti hilo. Monotype iliuza mashine za kupanga chapa, na herufi zilikuwa kama vipuri vyake.

Mwaka 1970 Aaron Burns, Herb Lubalin na Edward Rondthaler walianzisha kampuni ya ITC jijini New York. Hao hawakuwa na mashine hata moja. Walikodisha miundo ya herufi kwa watengenezaji wa mashine mbalimbali, wakalipwa kadiri herufi zilivyouzwa, kisha wakampa mchoraji mgao wake. Huo ndio mrabaha, na ile safu ya mwisho ya ripoti ni mjukuu wake.

Safu ya leseni ina kisa cha mahakamani. Mwaka 1978, katika kesi ya Eltra dhidi ya Ringer, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba umbo la herufi halilindwi na hakimiliki. Basi unauza nini? Unauza programu! Adobe ilileta PostScript mwaka 1984, fonti ikawa msimbo wa kompyuta, na mwaka 1992 ofisi ya hakimiliki ya huko ikakubali kusajili fonti kama programu. Ndiyo maana mteja hanunui herufi, ananunua ruhusa ya kutumia faili: kwenye kompyuta kadhaa, ndani ya programu ya simu, au kwenye tovuti. Leseni ya tovuti ilishika kasi baada ya Typekit kuanza mwaka 2009 na muundo wa WOFF kuingia kwenye Firefox 3.6 mwaka 2010. Hapo hata idadi ya kurasa zinazosomwa ikawa kipimo cha bei.

Fungu la duka je? Kampuni ya Bitstream ilianzisha MyFonts mwaka 1999, na wachoraji wadogo wakapata soko bila kupigia hodi kampuni kubwa. Lakini milango ilipungua. Monotype ilinunua Linotype mwaka 2006, biashara ya fonti ya Bitstream pamoja na MyFonts mwaka 2012, na FontShop mwaka 2014. Mwenye duka akiwa pia na fonti zake rafuni, na maduka mengine makubwa yakiwa yake, mchoraji mdogo ana nguvu gani ya kubishania asilimia?

Mwisho ni kodi. Marekani hukata asilimia 30 ya mrabaha unaotoka kwake kwenda kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo. Kenya haina mkataba huo, hivyo kujaza fomu ya W-8BEN hakumpunguzii Mkenya kiwango hicho.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Leseni ni dola 40. Punguzo la nusu, zimebaki 20. Tuseme duka linachukua nusu, zimebaki 10. Mnunuzi yuko Marekani, kodi ni 3. Hizo hapo 7, na ada ya kutuma pesa bado.

Ushauri wangu: usijumlishe makato yote kuwa namba moja. Weka kila kato kwenye safu yake, na mauzo ya Marekani mbali na ya nchi nyingine. Marejesho ya wateja yaandike kwa alama ya kutoa dhidi ya mauzo yaliyoyazaa. Fomu ya 1042-S itunze, ndiyo ushahidi wa kodi uliyokatwa. Kodi huwezi kuibishia. Punguzo na fungu la duka viko kwenye mkataba, na mkataba husomwa kabla ya kutiwa sahihi.

Je, wewe unauza nini mtandaoni, na kato lipi linakuuma zaidi?