Hitilafu: Kile Ambacho Gari Mseto Hukiona Kabla ya Kuwasha Taa

Umeme ukikatika mjini tunaambiwa kumetokea hitilafu ya kiufundi. Ndege ikichelewa kuruka, sababu ni hiyo hiyo. Kwa matumizi hayo neno limekuwa jina la heshima la ubovu. Lakini maana yake ya awali bado i hai: hitilafu ni tofauti, na wanaohitilafiana ni watu ambao maneno yao hayalingani. Naishikilia maana hiyo kwa sababu, katika magari mseto yanayozidi kuonekana Kamembe na wilaya nzima ya Rusizi, magharibi mwa Rwanda, ndiyo inayoeleza kwa usahihi kile ambacho kompyuta hukiona kabla ya kuandika ujumbe kwenye dashibodi.

Kwanza mseto wenyewe. Mafundi wengi husema haibridi, na kwa walioshikamana na Kifaransa, ibridi. Wapo wanaopendelea chotara, neno la mbegu na mifugo. Mimi nachagua mseto. Chotara ni kiumbe kimoja kilichozaliwa na mbegu mbili, ilhali ndani ya gari hili injini ya petroli na mota ya umeme zimebaki kila moja na umbo lake, zikisaidiana kusukuma magurudumu. Zaidi ya hapo sina ugomvi na anayesema haibridi.

Rwanda ina sababu zake za kuyahitaji maneno haya. Magari hapa hupita kulia, na mwaka 2005 nchi ilikataza kuingiza magari yenye usukani wa kulia, kwa hiyo zile Toyota Prius za Japani zinazoingia Dar es Salaam na Mombasa si njia rahisi kwa mnunuzi wa Kamembe. Gari lake hutoka penginepo: Ulaya, Marekani, Ghuba, Korea Kusini. Lililotumika Korea laweza kufika likiwa bado linazungumza Kikorea kwenye dashibodi. Tangu Julai 2025 ushuru wa bidhaa kwa magari mseto umerudishwa kwa kufuata umri: asilimia 5 kwa gari changa, hadi asilimia 15 kwa lenye miaka minane na zaidi. Aliyetoa fedha hizo zote, akaona pembetatu ya manjano imewaka, anastahili kuelezwa kwa lugha yake kilichotokea. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na huko Kamembe, mkabala na Bukavu ya Kongo ng'ambo ya mto Rusizi, kilikuwa kikisemwa sokoni na gereji muda mrefu kabla ya hapo.

Sasa tuingie ndani ya betri. Chukua Prius ya kizazi cha pili. Betri yake kuu ina moduli 28, kila moja ya volti 7.2, jumla volti 201.6. Moduli hizo zimepangwa mbili mbili katika makundi 14, na kompyuta hupima volti ya kila kundi. Haioni kutu, haioni seli iliyochoka. Inaona namba 14 tu. Dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, namba zote hushuka, akiachia, hupanda. Kundi moja likishuka kupita wenzake, zaidi ya kiwango alichoweka mtengenezaji, kompyuta imekuta hitilafu, kwa maana ile ile ya zamani: makundi yamehitilafiana. Hapo ndipo huandika msimbo na kuwasha taa.

Misimbo hiyo ina sarufi yake. Herufi P ni mfumo wa kuendesha gari, yaani injini, giabox na mota. C ni mifumo ya chini kama breki. B ni bodi. U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Sifuri inayofuata inaonyesha kuwa msimbo ni wa wote, si wa kiwanda kimoja, na A baada yake huelekeza kwenye magari mseto na ya umeme. P0A80 ndio unaoogopwa kuliko yote. Jina lake rasmi la Kiingereza linaamuru betri kuu ibadilishwe, na hapo ndipo ninapokataa kutafsiri neno kwa neno. Kilichopimwa ni tofauti ya volti. Amri ya kubadilisha imeongezwa na aliyeandika jina. Tofauti hiyo hiyo yaweza kuletwa na vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vikishika kutu, au na kundi moja lililodhoofika huku mengine yakiwa bado yana nguvu. Prius hiyo hata ina misimbo yake, P3011 mpaka P3024, mmoja kwa kila kundi, ili fundi ajue pa kuanzia kupima. Kumtoza mteja bei ya betri nzima kwa kusoma jina la msimbo tu ni dhuluma, hata kama skana imeandika hivyo kwa herufi kubwa.

Jiografia ya Rusizi nayo inaonyesha kila siku kwamba kinachomtisha dereva si lazima kiwe hitilafu. Barabara ya kutoka Huye hupanda msitu wa Nyungwe hadi karibu mita 2,500, kisha hushuka kuelekea Ziwa Kivu, lililo mita 1,460. Ukiendelea kusini hadi bonde la Bugarama umefika chini kabisa ya Rwanda, mita zipatazo 950. Kwenye mteremko mrefu mota hugeuka jenereta na kujaza betri. Betri ikishajaa haiwezi kupokea zaidi, na magari mengi mseto ya Toyota huizungusha injini bila kuchoma mafuta ili kuumaliza umeme uliozidi. Dereva mgeni husikia mngurumo mkali akiwa hajakanyaga chochote, akadhani gari limeharibika. Hapo hakuna hitilafu hata moja: kompyuta ilitarajia hivyo, na ndivyo ilivyopata.

Kinyume chake hutokea kimya kimya. Betri kama ile ya Prius hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Gunia la mchele wa Bugarama likiegemezwa pale, au vumbi likiziba feni, joto hupanda kuliko linavyotakiwa katika bonde ambalo tayari ni la joto. Ujumbe utatokea, na utakuwa wa kweli. Lakini hakuna kilichooza. Ondoa gunia, safisha feni, pima tena.

Mafundi wa pande zote mbili za mto Rusizi wana neno pane, kutoka Kifaransa: gari lina pane, yaani limegoma. Tunalihitaji, na tunalihitaji neno ubovu pia, ila kila moja na kazi yake. Pane ni tukio barabarani. Ubovu ni hali ya kipande fulani, na hauthibitiki mpaka kipimwe. Hitilafu ni kutolingana kulikoonwa na kompyuta. Gari laweza kuwa na hitilafu bila ubovu, kama lile la gunia, na laweza kupata pane kwa sababu ndogo sana: betri ya volti 12 ikichoka, kompyuta hukosa umeme thabiti na taa nyingi huwaka kwa pamoja, kana kwamba kila kitu kimekufa. Ndiyo maana fundi mzuri huanza na betri hiyo ndogo. Katika baadhi ya Kia Niro na Hyundai Ioniq mseto, betri ya volti 12 imefungwa pamoja na ile kubwa, na kuna kitufe karibu na usukani cha kuirejesha ikizima; wenye gari wengi hawajui kipo.

Rangi nazo zitafsiriwe kwa uangalifu. Kijani na buluu hutoa taarifa. Manjano ni tahadhari, yaani endelea taratibu ukakaguliwe. Nyekundu ni onyo, simama mahali salama. Kuziita zote onyo kunamfanya dereva aogope kila taa, na baada ya miezi asiogope hata moja.

Na misimbo isifutwe kabla ya kuandikwa. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati ule: kasi, joto, mzigo wa injini. Ukifuta umeipoteza kumbukumbu hiyo, na tofauti iliyoizalisha bado iko pale pale. Mnunuzi akikuta misimbo imefutwa siku ya mauzo, aombe muda wa kuliendesha gari mlimani kisha lipimwe tena.

Kwa hiyo, kwenye karatasi ambayo gereji humpa mteja, napendekeza P0A80 uandikwe hivi: hitilafu ya volti kati ya makundi ya betri kuu, pima kila kundi gari likiwa na mzigo, kagua viungo vya shaba na feni. Chini yake ziandikwe namba zote 14, ili fundi wa pili, awe wa Kamembe au wa Bukavu, aanze pale wa kwanza alipoishia. Na kwa atakayefungua betri yenyewe: nyaya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Plagi ya usalama ichomolewe kwanza, kisha asubiri dakika 10 kabla ya kugusa kitu.