Mbegu ya Fedha ya Wisconsin

Watafiti wa taaluma mbalimbali wakitaka kushirikiana, aghalabu hukosa fedha ya kuanzia. Hapo chuo hulazimika kutoa mbegu ghalani mwake. Ghala la Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, lina historia yake. Mwaka 1923 Harry Steenbock aligundua ya kuwa chakula kilichomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno hupata vitamini D, izuiayo matege. Mwaka 1925 wahitimu waliunda shirika la WARF ili kuitunza haki ya uvumbuzi huo na kurudisha mapato chuoni. Fungu la kwanza, mwaka 1928, lilikuwa dola 1,200 tu. Mwaka 1933 shirika lilimgharimia Aldo Leopold kufundisha usimamizi wa wanyama wa mawindo, naye akawekwa, ajabu iliyoje, katika idara ya uchumi wa kilimo! Katika karne hii fedha za WARF zikalisha makundi ya taaluma mchanganyiko kwa mpango wa UW2020.

Walakini shirika hilo liliwanyima watengenezaji wa majarini ruhusa ya kuutumia uvumbuzi, ili kuwalinda wafugaji wa ng'ombe wa Wisconsin. Na majarini ndiyo iliyokuwa siagi ya maskini, ambao watoto wao waliathirika zaidi na matege. Mwaka 1943 mahakama ya rufani ilizibatilisha haki hizo.