Mwethya na Uokoaji wa Hiari katika Ukambani

Historia ya uokoaji majini aghalabu huanzishwa na mwaka 1824, pale Sir William Hillary alipoasisi nchini Uingereza chama cha kuokoa maisha ya watu waliovunjikiwa na vyombo baharini. Watu wa pwani waliacha shughuli zao walipoitwa, wakaingia mashuani kwa hiari. Nayo mashua iligharimiwa kwa michango. Kwa hiyo mpango huo ulisimama juu ya nguzo mbili: watu walio radhi, na chombo kilichowekwa tayari kabla ya msiba. Kikima, soko lililoko katika vilima vya Mbooni huko Makueni, liko mbali na bahari, na hakuna aliyewahi kujenga kituo cha mashua humo. Hata hivyo nguzo ya kwanza inafahamika sana katika nchi hiyo, nayo ina jina lake: mwethya.

Kulifasiri neno hili kwa ‘kazi ya pamoja’ hakutoshi. Mwethya ni wito kwanza, kazi baadaye. Mwenye nyumba aliyeelemewa, pengine kwa kujenga, pengine kwa kufyeka shamba, aliwaita jirani zake. Nao walikuja bila ujira, wakalishwa, wakatawanyika kazi ilipokwisha. Hapakuwa na malipo ila yale ya kujua kwamba aliyesaidiwa leo ataitwa kesho. Katika Kiswahili, msaragambo unakaribia maana hiyo, ingawa hauko sawa nayo kabisa.

Wakoloni waliuona mwethya, wakautamani. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, uliitia serikali hofu, na mwaka 1938 ikaanza kuwanyang’anya watu mifugo yao kwa madai kwamba ilizidi uwezo wa ardhi. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga. Alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujakwisha serikali ilikuwa imeacha kuchukua mifugo kwa nguvu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilikuja kazi ya lazima ya kuchimba matuta chini ya machifu. Watu walikusanyika kama ilivyokuwa desturi, majembe yakiwa yale yale. Lakini aliyeita hakuwa jirani tena, na asiyefika aliadhibiwa. Matuta mengi ya aina hiyo yaliachwa yabomoke. Yamkini hakuna ushahidi ulio bora zaidi kuhusu maana halisi ya mwethya kuliko kubomoka huko.

Katika miaka ya 1950 vikundi vilirudishiwa nafasi ya kujichagulia viongozi na mashamba ya kulima. Hapo ndipo matuta yalipoenea kweli kweli, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameondoka kutafuta mishahara. Mtindo wa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro ulipewa jina la ‘fanya juu’, na wataalamu wa udongo wa nchi nyingi sasa hutumia maneno hayo mawili ya Kiswahili bila kuyatafsiri. Harambee, iliyotangazwa na Kenyatta mwaka 1963, ilichukua sauti ya wavuta mizigo ikaifanya wito wa taifa zima. Mwethya ulibaki wito wa kijiji.

Tangu miaka ya 1990 vikundi vya Kitui vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga hadi kiangazi. Jambo hili ni zito kwa mada hii. Adui ambaye mwethya ulijizoeza kupigana naye ni ukame. Mto uliwekewa jembe na saruji. Haukuwekewa kamba wala mashua, kwa maana karibu mwaka mzima hakuna maji ya kumzamisha mtu.

Tarehe 4 Desemba 2021, mvua za vuli zikiwa zimeujaza mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililowabeba wanakwaya na jamaa zao kuelekea arusini lilijaribu kuvuka daraja la chini ambalo maji yalikuwa yamelifunika. Mkondo ulilisukuma likapinduka. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wenyeji walikuwa wamejaa kandokando ya mto, na miongoni mwao wapiga mbizi wa hapo hapo walijitosa wakawatoa baadhi wakiwa hai. Waliojitosa hawakuwa wameitwa na chifu, wala hawakuwa wakilipwa. Hawakuwa pia na mashua. Siku iliyofuata wazamiaji wa serikali walikuwa kazini pamoja nao, wakitafuta miili.