Kutoka Jenereta Mpaka Volti 1.35: Kompyuta za Mbinga na Umeme Usioonekana

Kabla ya mwaka 2018, kompyuta za Mbinga ziliishi roho mkononi. Ruvuma ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa, mji ulitegemea mitambo ya hapo hapo, na umeme ukikatika, kazi ambayo hujaisevu ndiyo imekwenda hiyo. Mwenye steshenari alinunua stebilaiza kwanza, printa baadaye. Laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea, safari ya kama kilomita 250, watu wakapumua.

Lakini kuna umeme mwingine ambao stebilaiza haiugusi kabisa.

Kijana mmoja wa Mbinga mjini aliujua kwa njia ngumu. Mchana kompyuta yake iliandika kilo za kahawa za wakulima, usiku ikacheza gemu. Akaona video mtandaoni, akaingia kwenye bayosi, akapandisha spidi ya RAM na volti juu yake. Mashine ikawaka safi.

"Si kuna stebilaiza, kaka?" alimwambia fundi.

"Stebilaiza ni mlinzi wa getini, mdogo wangu. Wewe umewasha moto chumbani."

Fundi alikuwa sahihi. Volti 230 za ukutani zinaishia kwenye pawa saplai, ambayo huzishusha hadi 12, 5 na 3.3. Kutoka hapo madabodi ndiyo inayoipimia RAM chakula chake, nayo inatii bayosi.

Na chakula hicho kimepungua miaka yote. SDRAM za zamani zilitumia volti 3.3. DDR ikaja na 2.5, DDR2 na 1.8, DDR3 ya mwaka 2007 na 1.5, DDR4 na 1.2, DDR5 na 1.1. Sababu ni kwamba chipu zinavyozidi kuwa ndogo, kuta zake za ndani zinakuwa nyembamba, na volti kubwa inazila.

Mwaka 2008 uliwaamsha wengi. Intel walipotoa Core i7 za kwanza, walihamishia kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa, wakaonya kuwa DDR3 isizidi volti 1.65. Watu waliozoea kuisukuma DDR2 mpaka kupita 2 wakashtuka, maana sasa kosa la RAM lingeweza kuiua prosesa yenyewe. Kwa DDR4, RAM nyingi za spidi huandikwa 1.35 kwenye stika. Volti 1.5 ndiyo ukuta wa viwango vya JEDEC, na ukuta si mahali pa kuishi.

Tatizo ni kwamba RAM iliyoyumba haipigi kelele kila mara. Inaweza kubadilisha tarakimu moja kimyakimya, kisha ikaendelea kama kawaida. Kwa kijana yule gemu halikuganda hata siku moja. Faili la kahawa ndilo lililogoma kufunguka, tena wiki ya malipo.

Waliookolewa waliokolewa na daftari la mzee mmoja wa ushirika, aliyeendelea kuandika kila gunia kwa kalamu huku vijana wakimcheka. Kijana akarudisha volti za kiwandani, akaiacha Memtest86 ikesha usiku kucha bila kosa hata moja, ndipo akakaa kuandika upya, ukurasa kwa ukurasa, mzee akimsomea.

"Haya, soma tena hiyo, baba," alisema. "Nisikosee."