Utafiti wa Wanachuo na Historia ya Maji Maji

Mtawala hateki ardhi na nguvukazi peke yake. Huteka pia historia. Vita vya Maji Maji vilipozimwa mwaka 1907, waliotangulia kuviandika ni wale wale waliovizima. Gavana von Götzen alitoa kitabu chake Berlin mwaka 1909. Katika maelezo ya serikali yake, lawama kubwa walitupiwa waganga, eti ndio waliowapumbaza wananchi. Pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya maakida vilififizwa.

Kazi ya kuirudisha historia hiyo mikononi mwa wenyewe iliangukia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1968 wanafunzi wa Idara ya Historia walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioviona vita kwa macho yao. Gilbert Gwassa aliendeleza kazi hiyo mpaka shahada ya udaktari, na tasnifu yake ilikamilika mwaka 1973.

Utafiti huo ulithibitisha nini? Kwanza, vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, kwa wakulima kung'oa pamba. Yaani vilianzia kwenye unyonyaji wa jasho lao. Pili, maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalikuwa itikadi: yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwa na mtawala mmoja. Itikadi hiyo iliunganisha, lakini haikuzuia risasi. Tatu, Wajerumani walitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyoletwa kwa makusudi na majeshi yaliyochoma mashamba na maghala.

Hapa ndipo tunapoiona thamani ya utafiti wa wanachuo. Mkulima asiyejua kusoma alikuwa mwalimu, na msomi akawa mwanafunzi wake.

Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa na mgongano ndani yake. Tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Umatumbi aliyetoa ushahidi wake hangeweza kusomewa na mjukuu wake wa shule ya msingi yale yaliyoandikwa humo. Ebrahim Hussein, naye mwanachuo wa Dar es Salaam, alionyesha njia nyingine: mwaka 1969 tamthilia yake Kinjeketile ilitoka kwa Kiswahili, ikaingia madarasani na majukwaani.

Wapo wanaosema kwamba sayansi ni ya ulimwengu mzima, kwa hiyo lazima iandikwe kwa lugha inayosomwa na wengi duniani. Hoja hiyo ina ukweli, nasi hatuipingi. Tunachokataa ni msomi kuwajibika kwa wasahihishaji wake tu. Anayepima udongo wa mkulima, anayechunguza damu ya mgonjwa, anayekusanya ngano za bibi kizee, wote wamekopa kwa umma. Deni hilo hulipwa kwa kurudi kijijini na matokeo, kwa Kiswahili, na kukubali kusahihishwa na wale waliohojiwa.

Makada na wanafunzi hawana budi kudai hivyo kwa kila tasnifu. Elimu iliyochukuliwa kwa wananchi isiporudi kwao, nayo ni nyara.