Mimea na mbinu za ugenini katika kibanja cha Karagwe na Kyerwa

Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni, maharage na mahindi hukua kwa pamoja. Katika Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huonekana kama kitu cha asili tupu, ilhali sehemu kubwa ya mimea yake ilitoka mbali. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Maharage na mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika. Mwenyeji ni mbuni wa robusta: buni zake zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa na wenyeji zamani kabla wamisionari hawajaleta arabika.

Kilicho cha wenyeji hasa ni utunzaji. Nyasi hukatwa kwenye rweya, uwanda wa malisho nje ya makazi, zikatandazwa chini ya migomba, na samadi hurutubisha udongo ambao peke yake ni hafifu. Kwa hiyo sotoka ya miaka ya 1890, iliyofyeka ng'ombe wa Karagwe, ilikuwa pigo kwa migomba pia.

Karne moja baadaye fukusi, minyoo ya mizizi na sigatoka nyeusi vilidhoofisha migomba ya Kagera. Kati ya 1997 na 2002 mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji ulisambaza mkoani aina mpya, zikiwemo FHIA-17 na FHIA-23 zilizozalishwa Honduras. Mikungu yake ni mikubwa, lakini kwa ladha ya matoke walaji wengi walibaki na aina ya zamani ya enchoncho na ndugu zake. Wakulima walizichanganya na aina za zamani, hawakuzing'oa hizo, na huo ulikuwa uamuzi wa busara: mnyauko wa bakteria ulipofika, aina hizo mpya hazikuwa na kinga.

Ugonjwa huo ulielezwa Ethiopia mwaka 1968, ukathibitishwa Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Safari hii kilichopokewa ni mbinu, iliyoenezwa kwanza Uganda. Chana ya mwisho ikishatokea, ua dume hushikwa kwa kijiti chenye panda, likasokotwa na kukatika, ili wadudu wasilete bakteria. Kisu hakitumiki, kwa sababu hubeba ugonjwa. Panga la kupogolea nalo huunguzwa motoni. Hata desturi ya kupeana machipukizi baina ya majirani ilibidi iwekewe sharti: yatoke kwenye shamba lisilo na mgomba hata mmoja mgonjwa.