Galaksi iliyokuwa ndani ya picha, na hakuna aliyeiona

Wandugu wa chama, leo sileti historia ya wafalme wala ya vita. Naleta historia ya vumbi: lile vumbi la mbinguni lililo katikati ya nyota, na namna lilivyoficha mambo makubwa mbele ya watu wenye masomo ya juu kabisa.

Tuanze mwaka 1995. Robert Williams alikuwa mkuu wa taasisi inayopanga kazi za teleskopu ya Hubble, kule Baltimore, Marekani. Cheo chake kilimpa masaa ya teleskopu ayatumie anavyotaka. Akaamua kuielekeza siku 10 mfululizo, toka tarehe 18 hadi 28 Desemba, kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kama hakina kitu. Wenzake kadhaa waliona ni kupoteza muda. Picha ilipotoka, kumbe mule ndani kulikuwa galaksi karibu 3000!

Mwaka 1996 Piero Madau na wenzake wakaitumia picha ile kupiga hesabu: toka zamani sana, nyota zilikuwa zinazaliwa kwa kasi gani? Mchoro wao ukawa maarufu. Lakini walihesabu ule mwanga tu uliofika kwenye kamera, na wenyewe walionya kwamba kwa galaksi za mbali kabisa hesabu yao ni kiwango cha chini. Shida ilikuwa vumbi.

Tuelewane vizuri hapa. Nyota inazaliwa ndani ya wingu la gesi baridi, sanasana haidrojeni. Wingu linajikunja kwa uzito wake lenyewe mpaka katikati panawaka. Lakini pamoja na gesi kuko vumbi, chembe ndogo kama za moshi, na linameza mwanga wa nyota changa. Mwanga haupotei bure. Vumbi linapata joto kidogo, halafu linalitoa kwa mawimbi marefu ambayo macho hayaoni. Ni kama mbabula usiku: makala yamefunikwa na majivu, ukitazama toka mbali unasema moto umezimika. Sogeza mkono, njo utajua.

Joto hilo lilikuwa limeanza kuhisiwa. Mwaka ule ule wa 1996, Jean-Loup Puget na wenzake, Ufaransa, walichambua vipimo vya satelaiti COBE na kukuta mng'ao hafifu wa joto umetanda mbinguni pote. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba karibu nusu ya nguvu yote iliyotolewa na nyota tangu mwanzo ilipitia kwenye vumbi. Nusu, wandugu! Si kitu kidogo.

Kisha ikaja SCUBA, kamera iliyotengenezwa Edinburgh na kufungwa kwenye teleskopu ya James Clerk Maxwell, juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii. Yenyewe ilikuwa inapokea mawimbi ya chini kidogo ya milimita moja. David Hughes na wenzake wakaielekeza pale pale kwenye kipande cha Hubble, na mwaka 1998 wakatangaza vyanzo vitano. Kile chenye nguvu kuliko vyote wakakiita HDF850.1. Wakakitafuta kwenye picha ya Hubble: hakionekani. Kilichowaka zaidi kwa joto hakikuwa na alama hata moja kwenye picha iliyotazamwa kuliko zote.

Kukijua vizuri kulichukua miaka 14. SCUBA ilikuwa inaona kwa ukungu, galaksi mingi zingeweza kuwa ndiyo hiyo, tena nyingine ya karibu zaidi ilisimama mbele yake. Mwaka 2012 Fabian Walter na kundi lake, wakitumia antena za Plateau de Bure kwenye milima ya Alps, wakapata alama za gesi yake, kaboni monoksidi na kaboni. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni 12.5. Wakati ule ulimwengu ulikuwa na miaka bilioni 1.1 tu, na galaksi ile ilikuwa inazaa nyota zenye uzito wa majua 850 hivi kwa mwaka. Galaksi yetu leo inatoa moja au mbili tu.

Miye naona hapa kuko somo kwa sisi tunaoandika memwari. Mara mingi tunasema "haiko kwenye data" kama vile ni sawasawa na "haiko". Picha ya Hubble haikuwa na kosa. Ilionyesha kwa uaminifu kile ambacho chombo chake kinaweza kuona, basi. Madau na wenzake waliandika wazi kikomo cha hesabu yao, njo maana waliofuata walijua pa kutafuta. Kwa hiyo, kabla hujaandika kwamba kijiji fulani hakina biashara, ama kwamba wanawake wa mtaa fulani hawana kazi, andika kwanza ulipima na nini, na chombo chako hakifiki wapi.